Tunajimudu

Mdogo wangu Virgil,

Pokea salamu zangu, na uzifikishe kwa Marcy na kwa wale pacha wenu. Goti la Marcy linaendeleaje tangu apasuliwe? Na kiwandani wamekuita tena, au bado wanawazungusha? Naomba barua hii iwakute na afya na kazi, maana nyumba ikiwa na viwili hivyo, mengine huvumilika.

Hapa ndipo ningepaswa kuandika kwamba na sisi huku hatujambo. Mama alitufundisha kwamba barua haiendi bila neno hilo. Safari hii nimeliruka makusudi, si kwamba nimesahau adabu, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini. Najua pia unashangaa kupata barua badala ya simu, tena baada ya miezi yote hii ya kununiana. Nimejaribu kupiga. Nimeishika simu na kuiweka chini mara nyingi, kwa sababu ninamjua huyu mtu anayeitwa Orlena. Ungeniuliza tu, dada, mnaendeleaje, na ulimi ungekujibu wenyewe kabla sijaukamata. Nikiandika angalau napata nafasi ya kufuta.

Mpwa wako Harlan alitimiza miaka ishirini na moja mwezi wa tatu. Opal, jirani yetu anayelipwa kukaa naye mchana nikiwa kazini, alimwokea ile keki ya matabaka ya tufaha. Harlan hali kwa mdomo wala hawezi kuinua mkono, wajua, lakini alitaka iwekwe karibu ainuse. Alicheka mpaka mashine ya kupumulia ikaanza kulalamika. Mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Mama wengine, mtoto akifika umri huo, wanaogopa pombe na magari. Mimi niliogopa Medicaid. Kazi yangu unaijua: nawapelekea hao watu wa bima ya serikali madai ya malipo ya wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani, na mwongozo wao ninaujua kama mchungaji anavyozijua Zaburi. Mtoto aliye chini ya miaka ishirini na moja hupewa kila tiba ambayo daktari amesema inamlazimu. Akivuka hapo ni mtu mzima, na mtu mzima huanza kuulizwa upya, kwani wewe unahitaji nini hasa?

Harlan alichokuwa nacho ni Delphia. Unamkumbuka, yule muuguzi mnene mwenye kucha fupi na vicheko virefu. Miaka yote hii Delphia ndiye aliyekaa macho usiku ili mimi nilale. Makohozi yakijaa kwenye mrija wa kooni, yeye huyanyonya kwa mashine kabla hayajaziba. Mgeni angeingia asubuhi angekuta kijana ameamka vizuri, ametulia, na angedhani usiku ulipita hivi hivi.

Ofisini mimi ndiye ninayewafundisha wauguzi wapya kuandika taarifa ya zamu. Wananiita Bi Mwongozo, na si kwa heshima. Nawaambia, usiandike kwamba mgonjwa amelala vizuri. Anayelala vizuri hahitaji muuguzi. Andika umenyonya mrija mara ngapi, pumzi ilikuwa imeshuka kiasi gani kabla hujanyonya, na nini kingempata kama usingekuwapo. Binti mmoja aliniuliza, "Bi Orlena, kwa hiyo nikifanya kazi vizuri sana sionekani?" Nikamwambia ndiyo mama, ndivyo ilivyo, andika.

Lakini faili la mwanangu mwenyewe sikuruhusiwa kuligusa. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Lonnie, mwenye shirika letu, ndiye aliyelishughulikia, na Lonnie akiona karatasi imejaa maandishi hadi chini anaridhika. Kumbe Harlan alikuwa amemwomba Delphia jambo. Si unajua mpwa wako anasoma kila kinachoandikwa juu yake? Alichoka kujisoma kama hesabu ya makohozi. Akamwambia, "Dada Delphia, niandike kama mtu, basi." Na Delphia, kwa kumpenda, akawa anaandika kwamba timu yake ya mpira wa kikapu imeshinda, amefurahi, usiku mtulivu, hajambo. Kurasa kwa kurasa za hajambo. Siwezi kumchukia kwa hilo, ingawa nilijaribu.

Halafu wakapiga simu. Kampuni iliyopewa na jimbo kazi ya kukadiria mahitaji ya wagonjwa ilimpa kazi hiyo binti mmoja mwenye sauti ya upole. Ilikuwa asubuhi, simu nimeibana kwa bega, natoa mkate wa mahindi kwenye jiko. Akaniuliza, mnaendeleaje hapo nyumbani? Nikamjibu kama ambavyo mtu yeyote wa bonde hili angemjibu mchungaji, mleta barua au shetani mwenyewe: "Tunajimudu, mwanangu, tunashukuru." Akaomba kuzungumza na Harlan, maana sasa ni mtu mzima, anaulizwa mwenyewe. Nikamwekea simu sikioni. Naye kwa ile sauti yake ya kusubiri mashine impe pumzi, akasema, "Tunajimudu."

Wewe unajua neno hilo kwetu lina maana gani. Halina maana yoyote. Ni kitu unachosema ili mtu asiingie ndani akakuta vyombo havijaoshwa. Mtu wa huku hata mti umemwangukia mguuni, ukimwuliza hali atakwambia anajimudu, labda umsaidie kidogo na huu mti ukipata nafasi. Lakini yule binti si wa huku, aliandika alichosikia. Uamuzi ulipokuja ulisema kwamba taarifa za muuguzi zinaonyesha usiku mtulivu, na kwamba mgonjwa na mama yake wote wawili wamethibitisha kuwa wanajimudu. Muuguzi wa usiku ameondolewa. Opal wa mchana tumeachiwa. Familia ikiona ugumu, kipo kituo cha watu wanaopumua kwa mashine ng'ambo ya mpaka wa jimbo, na kitanda kipo.

Nilimpigia yule binti nikalia. Nilimweleza neno hilo kwetu ni salamu tu, si ushahidi. Hakuwa mtu mbaya, Virgil. Aliniambia, "Samahani sana, mama, lakini mimi niliuliza na nyinyi mkasema." Ningempata wa kumtukana ningepata nafuu. Sikumpata.

Delphia alilia jikoni kwangu mpaka nikampa taulo, leso haikutosha. Kisha akaendelea kuja bila malipo, akitoka kwa mgonjwa mwingine, macho mekundu, mpaka Lonnie akamwonya kwamba atapoteza leseni, maana hakuna amri ya daktari inayomruhusu kuwa hapa. Tangu hapo usiku ni wangu. Mchana niko ofisini nikiwadai Medicaid malipo ya usiku wa watoto wa watu wengine, na jua likizama nakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda cha wangu. Juzi nilimwandikia mgonjwa mmoja tarehe ya kuzaliwa ya marehemu Mama. Dai likarudi. Lonnie akaniuliza kama niko sawa, na nadhani unajua nilimjibu nini.

Tumekata rufaa. Itasikilizwa Jumanne ya wiki ijayo, mahakamani mjini. Tumepata wakili wa msaada wa kisheria, anaitwa Bi Renfro, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Wiki iliyopita alikuja kutufanyisha mazoezi sebuleni. Alikaa kwenye kiti cha Baba akajifanya jaji, akakunja uso, akaniuliza hali nyumbani ikoje tangu muuguzi aondoke. Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimejitayarisha, nimeandika hata kwenye kiganja. Nikafungua mdomo, nikasema, "Tunajimudu."

Opal alicheka mpaka akashika ukuta. Harlan naye akacheka, nami nikacheka, machozi yakanitoka. Kisha tukaona wakili hacheki, anatazama viatu vyake, na kicheko chetu kikaishia njiani. Akauliza taratibu kama yupo mtu mwingine wa familia aliyewahi kuuona usiku wa nyumba hii, mtu asiyeona taabu kulalamika. Opal hakungoja hata amalize. "Si yupo Virgil! Yule akichomwa na mwiba kaunti nzima hailali." Mimi nikasema Virgil hapana. Nikasema una kazi, una mgonjwa wako, ni mbali. Ukweli ni kwamba niliona haya.

Maana Krismasi iliyopita ulilala hapa kwenye kochi. Ulikisikia king'ora cha mashine kikilia na kulia tena. Ulimwona Harlan anabadilika rangi na Delphia anamrudisha, ukatoka barazani ukatapika kwenye theluji. Asubuhi ukasimama katikati ya jikoni ukapaza sauti, "Nyumba hii hailaliki! Mtu humu ndani anakufa na kufufuka usiku kucha, halafu nyinyi mnaniuliza kama nataka kahawa!" Harlan alikusikia. Nikakwambia kama hailaliki, barabara ya kwenda Ohio unaijua. Ukaondoka kabla ya chakula. Nilikaa na hasira na wewe mpaka majani yalipochipua, na kila nilipojiuliza kosa lako ni lipi hasa, sikuweza kulitaja.

Unamkumbuka yule mama wa shule aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana njaa, baada ya mgodi kufungwa? Mama alimpokea mlangoni, amevaa aproni safi, akamwambia tunajimudu. Wewe ukachomoza kichwa chini ya meza ukasema, "Uongo huo! Tunakula maharage tu, na jana hayakutosha." Mama alikuchapa kwa kitambaa cha vyombo mpaka kikachanika. Lakini wiki haikwisha, sanduku la chakula likawekwa barazani, na siku hiyo tukala nyama. Mama naye alikula. Tena alikuongezea wewe kipande. Mimi ndiye niliyekubandika jina la Virgil Kilio, na nililitumia miaka mingi, na nyama ya kilio chako nilikula nikashiba.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijamwambia hata wakili. Nilitaka nilimalize katika mistari miwili, nikaona haiwezekani.

Labda ulizisikia habari za gari langu kuingia kijitoni, kwamba nilikuwa namkwepa paa. Hapakuwa na paa. Nililala kwenye usukani mchana kweupe. Hilo ni dogo.

Jumapili iliyopita Opal alikwenda kanisani. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikikunja soksi. Unajua Harlan akihitaji kitu hupiga ulimi, ta-ta-ta, na mimi ulimi ule huusikia hata nikiwa bustanini, hata mvua ikinyesha kwenye bati. Anasema alipiga mpaka ulimi ukachoka. Mrija ulikuwa umeziba. Mashine ikaanza kulia, king'ora kile kile kilichokutapisha wewe, nami nilikuwa nimelala, Virgil, ningenyoosha mkono ningemgusa. Sikusikia. Na alikuwa ananitazama. Mwanangu alikuwa anakosa pumzi huku anaangalia mama yake amelala na soksi mkononi. Nikifumba macho ndicho ninachokiona, kwa hiyo sasa hata nikipata nafasi ya kulala siwezi.

Opal alikuwa anarudi na sufuria ya maharage, akakisikia king'ora kutoka barazani. Sufuria aliiachia mlangoni. Kilichoniamsha mimi ni ngumi yake begani na sauti yake, "Orlena! We Orlena! Mtoto anakwisha!" Midomo ilikuwa zambarau. Alifanya kila kitu yeye. Mikono yangu ilikuwepo tu, haikujua kazi yake. Rangi iliporudi, Opal akamwinamia akamwuliza, mwanangu, uko sawa? Na Harlan akachezesha midomo: Tunajimudu.

Opal alipandwa na wazimu. Alipiga kelele ambayo sijui kama haikufika kwenu Dayton. "Mnajimudu nini? Hee? Mnajimudu nini! Nyinyi watu mtazikwa mnajimudu!" Kisha akakaa chini, gauni la kanisani katika maharage, akalia kama mtoto.

Nilimwomba asimwambie mtu. Unaona nilipokwama? Nikinyamaza, jaji atasema mama anajimudu, muuguzi wa nini. Nikisema, naogopa atasema nyumba hii si salama, mpelekeni kule kwenye kitanda. Mwongozo nimeupekua wote, mimi Bi Mwongozo, na umejaa maelezo ya muuguzi aandike nini na daktari aandike nini. Hakuna mahali panaponiambia mama aseme nini. Opal amenijibu kwamba yeye hatasema bila kuulizwa, lakini akiulizwa hatadanganya huku ameshika Biblia. Akaniambia, mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo hakimtafuti aliyeficha.

Nilidhani nimefika mwisho wa taabu, kumbe bado. Jana jioni Harlan aliniita, ta-ta-ta, nikaenda mbio. Aliniomba nimpigie wakili aifute rufaa. Anasema atakwenda kituoni kwa hiari yake ili mimi nilale. Alisema polepole, mashine ikimkatiza kila maneno machache, kwamba nimechoka, kwamba kunitazama kunamuuma kuliko mrija, kwamba kule atajimudu. Ni mtu mzima sasa. Akitaka, anakwenda, na mimi sina karatasi ya kumzuia. Nilitoka nikaingia garini, nikapandisha vioo, nikapiga mayowe. Kule kuna vitanda vingi na korido ndefu, Virgil. Nani kule atajua kwamba ta-ta-ta ni yeye anaita? Watadhani ni bomba linavuja.

Niliporudi ndani nilimdanganya. Nilimwambia asiifute, kwa sababu mjomba wake Virgil amepiga simu na amesema anakuja Jumatatu ili Jumanne asimame mbele ya jaji. Ungeuona uso wake. Aliniuliza, mjomba atasema nyumba hailaliki? Nikamwambia ndiyo, atasema vilevile, tena kwa sauti ile ile. Akacheka, akakubali kusubiri. Hukupiga simu. Hukusema lolote. Hujui hata kwamba kuna rufaa. Ndiyo maana nimekuandikia leo leo, na Opal ataipeleka barua hii posta asubuhi ili ikufikie kabla ya Jumapili.

Najua nilikufukuza. Nakuomba uje hivyo hivyo. Usilete kitu, lete mdomo wako tu. Kochi lipo, na chakula ulichokiacha Krismasi nitakupikia upya. Ukifika usinisalimie kwa kuniuliza hali, kwa sababu nitakujibu. Pita moja kwa moja chumbani, kaa na mpwa wako, uone usiku mmoja mwingine. Asubuhi twende wote, ukaseme mahakamani yale niliyokufukuzia. Ukianza wewe, nadhani mimi nitaweza kusimama nikasema ya Jumapili. Peke yangu sitaweza. Nimejaribu mbele ya kioo, na hata kioo nimekiambia tunajimudu.

Delphia anakusalimu. Opal anakusalimu pia, anasema sufuria imebonyea lakini ungali unadaiwa kula sahani yake ya Krismasi. Harlan hakutumii salamu, maana anasema mtaonana Jumatatu.

Mbusu Marcy, wabusu na pacha.

Hatujimudu, Virgil.

Ni mimi dada yako,
Orlena